Humphry Repton na Vitabu Vyake Vyekundu

Wanafunzi wenzangu, hasa ninyi mpendao kuchora, na ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, ningependa kuwasimulia habari za Humphry Repton, Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Nilimjua kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Darasani tuliambiwa tuchore uwanja wa shule jinsi ulivyo, kisha jinsi ambavyo tungependa uwe. Katika mchoro wa pili nilitia lango jipya, miti kwa mistari, na maua kila upande. Rafiki yangu alipoutazama akaniuliza mama anayeuza maandazi langoni amekwenda wapi. Kweli, nilikuwa nimemwondoa bila kufikiri. Mwalimu wetu alicheka, akaniletea kitabu chenye picha za Repton, akaniambia nikisome mpaka mwisho.

Repton alizaliwa tarehe 21 Aprili 1752 katika mji wa Bury St Edmunds. Baba yake alikuwa mtoza ushuru. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Uholanzi kujifunza lugha na mambo ya biashara, lakini kijana alipenda zaidi kuchora, muziki na mimea. Akafanya biashara ya nguo huko Norwich, isifaulu. Baadaye akatia fedha katika mpango wa magari ya farasi ya kupeleka barua, nazo zikapotea. Hata alipofika miaka 36, akiwa na mke na watoto, alikuwa akikaa katika nyumba ndogo pale Hare Street, katika jimbo la Essex, na mfuko unazidi kupungua.

Usiku mmoja wa mwaka 1788 usingizi ulimpaa, akawaza sana. Lancelot Brown, fundi mkuu wa bustani za matajiri, alikuwa amefariki mwaka 1783, na nafasi yake ilikuwa wazi. Repton alijua kuchora, alijua mimea, na alizijua desturi za wenye mashamba. Basi akawaandikia rafiki zake barua kuwaarifu kazi yake mpya. Kazi ya kwanza ya kulipwa aliipata Catton, karibu na Norwich.

Brown alikuwa akipanga bustani na kusimamia kazi yake pia. Repton yeye aliuza mawazo na michoro tu. Alipoitwa kwenye jumba la tajiri huko mashambani, alipima ardhi, akatembea huku na huku, akachora. Kisha alimtengenezea mwenyewe kitabu chenye ramani, maelezo ya mkono, na picha za rangi za maji. Vingi vilijalidiwa kwa ngozi nyekundu, ndiyo maana vikaitwa Vitabu Vyekundu.

Ufundi wake mkubwa ulikuwa kipande cha karatasi. Juu ya picha alibandika kipande kwa ukingo mmoja tu, kimekatwa kufuata mahali patakapobadilishwa. Kikifunika, waona mahali palivyo: miti imesongamana, uzio umeziba macho. Ukikifunua, waona maji yanang'aa na njia inapinda taratibu mpaka mlangoni. Mwenye jumba aliweza kuamua kwa macho yake kabla ya kukata mti mmoja. Lakini wengine walimlipa, wakakiweka kitabu sebuleni wawaonyeshe wageni, wasipande hata mche.

Mwaka 1811, akirudi na binti zake kutoka dansini, gari lao la farasi lilipinduka. Repton aliumia uti wa mgongo, na tangu hapo mara nyingi alitembezwa katika kiti cha magurudumu. Hakuacha kazi. Akabuni hata matuta yaliyoinuliwa, kusudi mtu aliyeketi aweze kuchuma matunda bila kuinama. Mwaka 1812 alichora kitabu cha Sheringham, katika jimbo la Norfolk, akisaidiwa na mwanawe John Adey, mjenzi aliyekuwa kiziwi. Humo alishauri maskini waruhusiwe kuingia msituni siku moja kila mwezi kuokota kuni.

Sasa nifike kwenye picha iliyonigusa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1816, Repton alionyesha mandhari ya mbele ya nyumba yake mwenyewe pale Hare Street. Katika hali ya kwanza, ng'ambo ya njia kuna duka la nyama iliyotundikwa, na kwenye uzio amesimama ombaomba mwenye kilema. Katika hali ya pili, uzio umesogezwa mbele juu ya uwanja wa kijiji, duka limefichwa kwa mawaridi, na ombaomba hayupo.

Nilishangaa. Mtu aliyewaombea maskini kuni, tena naye mwenyewe hawezi kutembea vema, aliwezaje kumwondoa kilema yule mbele ya dirisha lake? Sikupata jibu. Lakini niliona jambo moja: ni Repton mwenyewe aliyemchora. Kama asingalimchora katika hali ya kwanza, sisi leo tusingalijua kwamba mtu yule alikuwapo. Mimi mama wa maandazi sikumchora katika mchoro hata mmoja.

Repton alifariki tarehe 24 Machi 1818, akazikwa kanisani Aylsham, na kaburi lake likapandwa mawaridi kama alivyotaka. Vitabu vyake vingi vingaliko, na watu wanaotengeneza bustani zile za kale huvitazama hata leo.

Nami nimechora upya. Lango lipo, miti ipo, na chini ya mti wa kwanza nimemwekea mama wa maandazi kibanda chenye kivuli. Nilipompelekea auone, akasema kibanda hakina mahali pa jiko. Nimekiongeza.