Mholanzi na Kijana Mwenye Mbio

Huko Marekani kuna mpira usiofanana na huu wetu. Umechongoka ncha mbili, nao huchukuliwa mikononi. Kila shambulio huanzia kwa mchezaji aitwaye kwotabeki: yeye hupokea mpira, hutazama ni mwenzake yupi aliye wazi, kisha humtupia kabla wapinzani hawajamwangusha. Mmoja wa hodari wa kazi hiyo alikuwa Norm Van Brocklin, aliyepewa jina la utani la Mholanzi.

Alizaliwa mwaka 1926 katika jimbo la South Dakota, akakulia California, akatumika katika jeshi la majini, ndipo akasoma Chuo Kikuu cha Oregon. Mwaka 1949 alijiunga na Los Angeles Rams. Mbio hakuwa nazo, lakini mkono alikuwa nao! Tarehe 28 Septemba 1951, mwenzake Bob Waterfield akiwa ameumia, mitupo yake iliipatia timu yadi 554 katika mchezo mmoja. Miaka zaidi ya 70 imepita, wala hajatokea wa kumpita. Desemba ile ile alimtupia Tom Fears mpira uliozaa yadi 73, na Rams wakawa mabingwa.

Mwaka 1958 alihamia Philadelphia Eagles, na Desemba 1960 wakawashinda Green Bay Packers 17 kwa 13, wakatwaa ubingwa. Hapo akaacha kucheza. Alishikilia kwamba aliahidiwa ukocha wa Eagles. Wakubwa wa timu wakakana, na kazi akapewa mwingine. Akaondoka na uchungu wake, akawa kocha wa kwanza wa Minnesota Vikings, timu mpya kabisa.

Mchezo wao wa kwanza, Septemba 1961, kijana Fran Tarkenton aliingia kutoka benchi, wakawapiga Chicago Bears 37 kwa 13. Furaha ile haikudumu. Tarkenton alikuwa na miguu myepesi. Akibanwa alikimbia huku na huku mpaka mwenzake apate nafasi. Kocha hakupendezwa. Yeye enzi zake alisimama mahali pake akatupa, na alitaka kwotabeki wake afanye vivyo hivyo. Tena ulimi wake ulikuwa mkali. Sisi tuliofundisha twaijua taabu hii: aliye hodari wa hesabu humchokea upesi mtoto apataye jibu lile lile kwa njia nyingine. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa zaidi la mkubwa, maana timu ilikuwa changa, na miguu ile iliiokoa mara nyingi. Mapema mwaka 1967 wote wawili waliondoka. Tarkenton alirudi Minnesota mwaka 1972, na alipostaafu baada ya msimu wa 1978 hakuna katika ligi aliyekuwa amepata yadi nyingi kwa mitupo kuliko yeye.

Mholanzi alifundisha Atlanta Falcons tangu 1968 hadi alipoachishwa mwaka 1974. Hesabu ya ukocha wake ni ushindi 66, kushindwa mara 100, sare 7. Heshima ya uchezaji wake aliipata mwaka 1971, alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa.

Baadaye alilima pekani, miti izaayo kokwa za kuliwa, huko Social Circle, Georgia. Alipopasuliwa uvimbe wa ubongo aliwatania waandishi wa michezo, mahasimu wake wa siku nyingi, kwamba amewekewa ubongo wa mmoja wao, kwa kuwa alitaka ambao haujatumika. Alifariki tarehe 2 Mei 1983, akiwa na miaka 57.