Fundi Konde: Mwanajeshi Aliyebeba Gitaa

Kuna watu ambao kazi yao ni kuwinda beji za bendi za kijeshi za zamani. Katika jeshi la Waingereza, mwanamuziki alivaa beji ya kinubi kwenye mkono wa sare, mpiga ngoma akavaa ngoma. Mnunuzi mjanja hugeuza beji kwanza aone kishikizo cha nyuma, manake feki zimejaa. Shida ni kwamba beji kama hiyo haina jina la aliyeivaa.

Ndiyo maana leo tumkumbuke Fundi Konde, mmoja ambaye jina lake halikupotea.

Alizaliwa 1924 huko Pwani, Mgiriama. Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, akaingia kitengo cha burudani cha jeshi la KAR chini ya Peter Colmore, yule yule ambaye baadaye alimpigia debe Edouard Masengo hapa Nairobi. Kazi yao haikuwa gwaride. Walivifuata vikosi vya Afrika Mashariki hadi Asia, enzi za vita vya Burma, wakaimba kwa Kiswahili mbele ya Waluo, Wakamba na Wagiriama waliochanganywa kambi moja. Hebu fikiria umetoka hapa Karungu, umelowa mvua ya msitu usioujua, rafiki yako amezikwa juzi, halafu unasikia wimbo unaouelewa. Kwangu mimi hiyo inashinda medali.

Baada ya 1945 wenzake wengine wakaendelea na Rhino Boys. Konde naye akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme, akarekodi Tausi Ndege Wangu na Majengo Siendi Tena. Zitafute, mazee, utashangaa gitaa linavyoteleza. Mnamo 1994 lebo ya RetroAfric ya London ikakusanya nyimbo zake kwenye albamu. Alifariki 2000.

Sasa, huku Sori shaba ni shaba tu. Mnunuzi wa vyuma kuukuu anaweka kwenye mizani, hajali kama ni bomba la mfereji au beji ya babu yako. Ukikuta moja kwenye sanduku la nyanya, usiisugue ing'ae, inapoteza thamani kwa wakusanyaji. Na kabla hujaongea bei na mtu, muulize nyanya ilikuwa ya nani, uandike jina.