Wilhelm Röntgen, mtu aliyefungua kifua bila kisu

Mgonjwa akikohoa wiki nyingi, daktari anamtuma kufanya radio ya kifua. Nyuma ya ile foto kuna Mjerumani mmoja: Wilhelm Conrad Röntgen.

Alizaliwa tarehe 27 machi 1845 kule Lennep, baba akiwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alikuwa na miaka 3 wakati familia ilihamia Uholanzi, inchi ya mama yake. Kule Utrecht walimfukuza shuleni juu ya mchoro wa kumcheka mwalimu. Si yeye aliyeuchora, lakini alikataa kumtaja mwenzake. Bila diploma ya sekondari, akapokelewa Zürich, Uswisi, na mwaka 1869 akapata udaktari.

Jioni ya tarehe 8 novemba 1895, akiwa profesa Würzburg, alipitisha umeme ndani ya chupa ya kioo iliyofunikwa na karatasi nyeusi ngumu. Chumba kilikuwa giza, lakini kibao kilichopakwa dawa, mbali kidogo na ile chupa, kikaanza kuwaka. Mionzi ile hakuna aliyeijua, ndiyo maana aliiita X. Wiki nyingi alijifungia kazini, akila na kulala hapo hapo. Tarehe 22 desemba akapiga foto ya mkono wa bibi yake, Anna Bertha: mifupa na pete vikaonekana wazi.

Kwa kifua, kazi yake ni hivi: mionzi inapita rahisi kwenye hewa, basi mapafu mazima yanatoka meusi. Mifupa inatoka nyeupe, na pia sehemu ya pafu iliyoharibiwa na kifua kikuu ao kujaa maji. Leo kuna pia IRM, inayotumia sumaku bila mionzi. Inasaidia sana kwa moyo na mishipa mikubwa, lakini mapafu yaliyojaa hewa yanaipa shida. Ndiyo sababu radio ingali ya kwanza.

Röntgen alikataa kujiwekea haki ya peke yake juu ya uvumbuzi huo, ili watu wote wautumie. Mwaka 1901 alipata Nobel ya kwanza ya fizikia, na zile pesa akaachia chuo kikuu cha Würzburg. Bibi yake alifariki 1919. Kisha bei zikapanda vibaya Ujerumani, akiba yake ikaisha. Alikufa München tarehe 10 februari 1923 kwa kansa ya matumbo, akiwa na miaka 77. Wakati huo mashini zake zilikuwa zinatumika katika hospitali za inchi nyingi, bila yeye kudai hata faranga moja.