John B. Smith: Aliyewafuata mbu hadi kwenye kinamasi cha chumvi

Wale miongoni mwetu waishio New Jersey, au waliowahi kwenda kupunga upepo Atlantic City, wanaijua pwani ile: visiwa vyembamba vya mchanga vimejipanga mbele ya bara, na nyuma yake kinamasi kikubwa cha maji ya chumvi. Miaka 100 na ushei iliyopita, mbu walikuwa wakiwafukuza wageni huko. Leo tumkumbuke hayati John B. Smith, aliyejua watokako.

Smith alizaliwa New York mwaka 1858. Alianza kama mwanasheria, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa wadudu, hasa nondo. Akaiacha sheria, na mwaka 1889 akahamia New Jersey kuwa mtaalamu wa wadudu wa kituo cha utafiti wa kilimo na mwalimu katika Chuo cha Rutgers.

Watu wa miji ya bara waliamini kuwa mbu wanaowauma wanazaliwa hapo hapo mitaani. Smith alichunguza akakuta sivyo. Mbu wa kinamasi cha chumvi hutaga mayai juu ya matope yenye unyevu, si majini. Mayai hukaa yakisubiri bamvua au mvua kubwa. Maji yakishayafunika, viluwiluwi hutoka, na katika joto la kiangazi huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Kisha huruka maili nyingi kwenda bara kutafuta damu. Kwa hiyo mji uliofukia madimbwi yake yote bado ungeumwa, iwapo kinamasi kingeachwa.

Ripoti yake kubwa ilitoka mwaka 1904. Dawa yake ilikuwa mitaro myembamba yenye kina, ili maji yaingie na kutoka pamoja na kujaa na kupwa kwa bahari, na samaki wadogo wapite kuvila viluwiluwi. Hiyo ilikuwa kazi ya majembe na ya fedha za umma. Mwaka 1906 jimbo lilitunga sheria ya kuondoa maji katika vinamasi hivyo. Mwaka 1912 ikaja sheria ya kila wilaya kuwa na tume yake ya mbu, lakini Smith alifariki mwezi Machi mwaka huo huo, bila kuziona tume hizo zikifanya kazi.

Urithi wake una pande mbili. Katika miaka ya 1930 mitaro ilichimbwa karibu kila kinamasi cha pwani hiyo, hata pasipokuwa na mbu, na ndege na samaki wakapoteza makazi. Baadaye wataalamu wa New Jersey wenyewe walirekebisha njia hiyo: wakachimba vidimbwi vya kudumu palipo na viluwiluwi tu, samaki wakae humo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kujifunza hapa. Pwani yetu nayo ina mbu azaliwaye kwenye maji ya chumvi, Anopheles merus, na huyu hueneza malaria. Chandarua ni kinga, tusikiache. Lakini Smith anatukumbusha kwamba kabla ya kumwaga dawa au kushika jembe, kwanza tujue mbu huyu ametoka dimbwi gani.