Schleyer: Padri aliyeifuta r, akaishikilia ü

PADRI Johann Martin Schleyer wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1831, ndiye mwasisi wa Volapük, lugha ya kwanza ya kubuni kujipatia wafuasi wengi katika nchi mbalimbali.

Alianza kuitangaza mwaka 1879, akitaka mataifa yote yaelewane. Aliamini kwamba sauti r ingewasumbua Wachina, hivyo akaiondoa karibu kabisa. Neno la Kiingereza lenye maana ya dunia likapoteza r yake, likawa "vol".

Hata hivyo, alizibakiza ä, ö na ü za Kijerumani, chake mwenyewe. Sauti ü, inayotamkwa kwa kusema i huku midomo imeviringwa kama ya u, iliwatatiza wageni wengi.

Auguste Kerckhoffs alitaka lugha irahisishwe. Schleyer alishikilia kuwa uamuzi wa mwisho ni wake. Wafuasi wakafarakana, baadhi wakahamia Kiesperanto.

Schleyer alifariki dunia mwaka 1912. Mwaka 1931 Mholanzi Arie de Jong aliifanyia Volapük marekebisho: r ilirejea, ü ikabaki.