Jeff Cooper na kanuni nne za bastola

Kila mwisho wa juma, katika nchi nyingi duniani, wanaume na wanawake husimama kwenye viwanja vya kulenga shabaha wakiwa na bastola kiunoni, wakingoja mlio wa kipima-muda. Mlio ukisikika, huchomoa silaha, hukimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kufyatua risasi za kweli kwa kasi ambayo mtazamaji mgeni angedhani haina budi kuishia kwenye maafa.

Kwa kawaida hawa washindani hurejea nyumbani salama. Kinachowalinda ni kanuni chache ambazo mtoto wa shule anaweza kuzikariri kwa dakika moja.

Mtu aliyezipanga kanuni hizo na kuzieneza ni Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa jeshi la Marekani na mwalimu wa historia, aliyefariki dunia mwaka 2006. Alikuwa mtu wa maneno makali, na hadi leo wapo wanaomsifu na wapo wanaomlaumu. Lakini katika jambo moja hata wapinzani wake humfuata: kwamba usalama wa bastola hauko kwenye chuma, uko kwenye akili na kidole cha mwenye kuishika.

Mwanajeshi na mwalimu

Jina lake kamili lilikuwa John Dean Cooper. Alizaliwa tarehe 10 Mei 1920 mjini Los Angeles, katika jimbo la California, na kusomea sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Mwezi Septemba 1941, miezi mitatu kabla ya Marekani kuingia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alipewa cheo cha ofisa katika kikosi cha Marine. Alitumika kwenye bahari ya Pasifiki, akiwa katika manowari ya USS Pennsylvania. Aliacha jeshi mwaka 1949, akarejeshwa wakati wa vita vya Korea, na mwaka 1956 akaondoka moja kwa moja akiwa na cheo cha luteni kanali.

Baada ya hapo alirudi darasani. Katika miaka ya 1960 alipata shahada ya uzamili ya historia katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside, na kwa miaka kadhaa alifundisha somo hilo kwa muda katika shule ya sekondari na chuo. Wanafunzi wake wa baadaye, waliokuja kwake kujifunza silaha, walikutana na mtu yule yule: mwalimu aliyependa jambo ligawanywe, lipewe jina, na lirudiwe mpaka liingie.

Maputo ya Big Bear

Mwishoni mwa miaka ya 1950 filamu za wachunga ng'ombe zilikuwa zimetawala televisheni za Marekani, na vijana wengi walishindana kuchomoa bastola haraka kama waigizaji. Wengi walitumia baruti isiyo na risasi, ili wasijeruhi miguu yao.

Cooper, aliyekuwa akiishi katika mji wa milimani wa Big Bear, alitaka kujua jambo jingine: ni njia ipi hasa ingemfaa mtu ambaye maisha yake yako hatarini? Yeye na wenzake wakaanzisha mashindano ya risasi za kweli. Washindani wawili walisimama kila mmoja mbele ya maputo yake, umbali wa yadi 7, na wa kwanza kuyapasua alishinda.

Hapakuwa na mtindo uliolazimishwa. Wengi walifyatua bastola ikiwa bado usawa wa kiuno, bila kulenga. Walikuwa wepesi, lakini mara nyingi walikosa.

Mmoja wa washiriki alikuwa Jack Weaver, naibu sherifu wa Los Angeles. Baada ya kushindwa, alibadili mbinu: akaiinua bastola hadi usawa wa macho, akaishika kwa mikono miwili, na kutazama shabaha kabla ya kufyatua. Alichelewa kidogo tu, lakini risasi zake zilifika. Mwaka 1959 alishinda mashindano hayo, na Cooper, kama mwanahistoria aliyepata ushahidi, akaanza kuandika kuhusu mbinu hiyo na kuifundisha.

Vizuizi vya chuma

Bastola aliyoipenda Cooper ilikuwa ile iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kupokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1911. Ilikuwa na vizuizi viwili vya usalama vilivyoonekana kwa nje. Cha kwanza ni kipande cha chuma nyuma ya mpini: kiganja kisipokibana, kifyatulio hakifanyi kazi. Cha pili ni kijiti kidogo ubavuni, ambacho kidole gumba hukipandisha ili kufunga na kukishusha ili kufungua.

Cooper alizipangia hali za bastola hiyo namba, ili mtu aweze kusema bila utata silaha yake ikoje. Hali aliyoipendekeza kwa mbebaji aliyefunzwa ilikuwa ile ya namba moja: risasi ikiwa chembani, nyundo ikiwa imevutwa nyuma, na kijiti cha usalama kikiwa kimefungwa.

Ushauri huo uliwashtua watu. Wakati huo polisi wengi wa Marekani walibeba bastola za silinda, na kuiona nyundo iliyorudi nyuma kwenye kiuno cha mtu kulitisha. Jibu la Cooper lilikuwa kwamba kinachotisha macho si lazima kiwe ndicho cha hatari. Bastola, kwa mtazamo wake, haina nia. Ajali nyingi hutokea kwa mtu aliyedhani silaha yake ni tupu, si kwa yule anayejua kuwa imejaa.

Hata hivyo chuma nacho kina mipaka yake. Bastola ya muundo wa 1911 ingeweza kufyatuka ikianguka vibaya kwenye sakafu ngumu. Ndiyo maana mwaka 1983 kampuni ya Colt ilianza kuuza bastola zenye kizuizi cha ziada ndani, kinachoifunga pini ya kugonga risasi mpaka kifyatulio kivutwe.

Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Glock ya Austria ilitengeneza bastola isiyo na kijiti cha nje kabisa. Vizuizi vyake vyote hufunguka vyenyewe mtu anapovuta kifyatulio. Kwa bastola ya namna hiyo, mahali kilipo kidole ndipo penye tofauti kati ya usalama na msiba.

Kanuni nne

Kutokana na mafunzo hayo yote, Cooper alipanga kanuni nne ambazo leo hufundishwa katika viwanja na vyuo vya polisi vya nchi nyingi.

Ya kwanza ni kwamba kila silaha ihesabiwe kuwa imejaa risasi, wakati wote. Ya pili, mdomo wa silaha usielekezwe kamwe kwenye kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiharibu. Ya tatu, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka silaha iwe imelengwa shabaha. Ya nne, mtu awe na hakika ya shabaha yake na ya kile kilicho nyuma yake.

Nguvu ya kanuni hizo ni jinsi zinavyosaidiana. Aliyesahau ya tatu na kuvuta kifyatulio bila kukusudia, kama bado anaishika ya pili, risasi yake itaingia kwenye udongo. Ili mwenzake aumie, kwa kawaida lazima kanuni zaidi ya moja zivunjwe kwa pamoja.

Kutoka Columbia hadi Salisbury

Mwezi Mei 1976 watu wapatao 40 kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Columbia, katika jimbo la Missouri, na kuunda Shirikisho la Kimataifa la Ulengaji Shabaha wa Vitendo, IPSC. Cooper alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Shirikisho lilichukua kaulimbiu ya maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi.

Kanuni za mchezo huo zinaonyesha jinsi mafundisho ya Cooper yalivyogeuzwa kuwa sheria. Mshindani hutembea uwanjani na bastola tupu kwenye ala yake, na haruhusiwi kuijaza mpaka msimamizi atoe amri. Akitaka kuishika kwa matengenezo, huenda eneo maalumu ambako risasi hazishikwi kabisa.

Bastola yenye kijiti cha usalama na nyundo iliyovutwa sharti iwe imefungwa inapokuwa kwenye ala. Wakati wa kukimbia au kubadili magazini, kidole sharti kionekane nje ya kifyatulio, na mdomo wa bastola usipite pembe ya nyuzi 90 kutoka uelekeo wa shabaha. Anayeangusha bastola yenye risasi au kufyatua bila kukusudia huondolewa katika mashindano yote, hata akiwa bingwa. Hapewi onyo la kwanza.

Mashindano ya dunia yalikuwa yamekwisha kuanza kabla ya shirikisho, mjini Zürich nchini Uswisi mwaka 1975. Yale ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Rhodesia wakati huo ilikuwa chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea vijijini. Kwa Waafrika waliokuwa wakipigania haki yao, mchezo huo uwanjani haukuwa mbali na bunduki zilizokuwa zikielekezwa kwao.

Mwaka huo wa 1976 Cooper alifungua pia shule ya silaha huko Paulden, kaskazini mwa jimbo la Arizona, iliyokuja kujulikana kwa jina la Gunsite. Askari, polisi na raia wa kawaida walikwenda kusoma hapo.

Mwalimu na lawama

Kadiri miaka ilivyopita, mchezo ulimponyoka mwanzilishi wake. Washindani walianza kutumia bastola maalumu za mashindano, zenye darubini na vifaa vya kupunguza mrusho, ambazo hakuna polisi angeweza kuzibeba kazini. Cooper alilalamika kwamba zoezi la kujihami limegeuzwa kuwa mchezo wa kutafuta vikombe. Wengine walikuwa na maoni yanayofanana na yake, na mwaka 1996 kikaundwa chama kingine, IDPA, kilichotaka washindani watumie silaha za kawaida.

Lawama dhidi ya Cooper mwenyewe zilikuwa nzito zaidi. Alipinga vikali sheria za kudhibiti silaha, na alikuwa mjumbe wa bodi ya NRA, chama chenye nguvu cha wamiliki wa bunduki Marekani. Mwaka 1991 aliandika kwamba watu wengi wanaouawa kwa risasi mjini Los Angeles si hasara kwa jamii. Wakosoaji walishangaa jinsi mtu aliyefundisha kwamba mdomo wa bastola usimpitie mtu ovyo alivyoweza kuyapima maisha ya binadamu kwa wepesi kiasi hicho.

Swali la mipaka ya kanuni zake lilijibiwa kwa uchungu huko Uingereza. Tarehe 13 Machi 1996 mtu mmoja aliyemiliki bastola zake kihalali aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, na kuwaua watoto 16 na mwalimu wao. Kutokana na mauaji hayo, sheria za mwaka 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote Uingereza bara, na mashindano ya bastola ya aina hiyo yakakoma huko.

Wapenzi wa mchezo walisema wanaadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Wazazi wa Dunblane walikuwa na hoja isiyojibika kirahisi: kanuni nne humzuia mtu mzembe, lakini hazimzuii mtu aliyekusudia kuua. Kwa huyo, kizuizi cha usalama ni kijiti tu cha kushusha kwa kidole gumba.

Alichokiacha

Jeff Cooper alifariki dunia nyumbani kwake Gunsite tarehe 25 Septemba 2006, akiwa na umri wa miaka 86. Aliacha mjane, Janelle, na binti watatu.

Mchezo aliousaidia kuzaliwa umefika mbali na milima ya California. Katika Afrika Mashariki, uwanja wa Kirigiti katika kaunti ya Kiambu, nchini Kenya, ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika ya IDPA mwaka 2022. Wengi wa wanaoshiriki michezo hiyo leo hawajasoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vyake, na pengine wangekataa mengi ya mawazo yake kuhusu siasa na jamii.

Lakini kabla ya risasi ya kwanza kufyatuliwa, msimamizi huwakusanya washindani na kuwakumbusha kanuni za usalama. Kisha kila mmoja hunyoosha kidole chake cha shahada kando ya bastola, mbali na kifyatulio, na kukiacha hapo mpaka shabaha ionekane.