Marehemu John Akii-Bua, Bingwa wa Kuruka Viunzi

Katika ukurasa huu tunawaletea wanafunzi wa zamani, pamoja na vijana walioko madarasani hapa Kiembe Samaki, maisha ya marehemu John Akii-Bua wa Uganda. Jina lake lilivuma Afrika Mashariki nzima katika miaka ya sabini. Wakubwa watakumbuka, na wadogo ni vyema wajue.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walangi, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake 8, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa 43. Alipokuwa kijana alikwenda Kampala, akaingia kazi ya polisi, na huko ndiko kipaji chake cha riadha kilikoonekana. Mwanzo alikuwa akishindana katika viunzi vya mita 110. Mwalimu wake, Malcolm Arnold kutoka Uingereza, alimtazama akaona kuwa mahali pake hasa ni mita 400.

Mashindano hayo si mchezo. Mkimbiaji huzunguka uwanja mzima, na njiani humngojea viunzi 10, kila kimoja kina urefu wa sentimita 91. Baina ya kiunzi na kiunzi pana mita 35, hivyo ni lazima ahesabu hatua zake barabara. Akikosea hatua moja hupoteza kasi, na pengine huanguka. Wakimbiaji wengi hutanguliza mguu mmoja tu wanaporuka. Akii-Bua alijizoeza kutanguliza wowote, wa kulia au wa kushoto.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, mjini Edinburgh, alishika nafasi ya nne. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani akakimbia kwa sekunde 49.0, muda ambao haukupitwa na mtu duniani mwaka ule. Hata hivyo wataalamu wengi hawakumtia maanani, kwa kuwa alikuwa hajashindana mara nyingi na mabingwa wa Ulaya na Marekani. Yeye akaendelea na mazoezi. Alivaa fulana iliyotiwa risasi yenye uzito wa kilo 11 hivi, akaruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano, na akafanya hivyo siku baada ya siku kwa miezi.

Fainali ya Olimpiki ilifanyika Munich, Ujerumani, tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji huichukia. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Hemery alianza kwa kasi kubwa. Akii-Bua hakubabaika. Alimfikia, akampita, akamaliza kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili na Hemery wa tatu. Kijana wa miaka 22 aliipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, na kwa furaha akaendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi kana kwamba hakuchoka.

Nyumbani kwake, hata hivyo, mambo hayakuwa mema. Mwezi mmoja kabla ya ushindi huo Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia, na Walangi wengi, kabila la Akii-Bua mwenyewe, walikuwa wakiuawa. Amin alimpandisha cheo bingwa huyu, akampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini heshima hizo zilikuwa na kazi yake. Kila serikali iliposhutumiwa kwa kuwatesa Walangi, Akii-Bua alitajwa kuwa ni Mlangi aliyestawi. Hivyo jasho la mwanamichezo likageuzwa pazia la kufunikia damu ya jamaa zake.

Mwaka 1976 ilikuwa zamu ya Montreal, Canada. Nchi nyingi za Afrika ziligoma, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Tanzania haikushiriki, na Filbert Bayi wetu, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, akakosa nafasi yake. Uganda nayo ilijitoa. Edwin Moses wa Marekani akashinda viunzi kwa sekunde 47.64, akaivunja rekodi ya Akii-Bua bila wawili hao kukutana katika fainali.

Baada ya Amin kuivamia Kagera mwaka 1978, majeshi yetu yalimfukuza, na Kampala ikakombolewa Aprili 1979. Akii-Bua alichelea kuhesabiwa kuwa kibaraka wa utawala uliowaua watu wake, akakimbilia Kenya na aila yake. Bingwa wa Olimpiki akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Waliomtoa huko ni kampuni ya viatu ya Puma, iliyompeleka Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka 1980 aliikimbilia tena Uganda, katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 30, na alitolewa katika nusu fainali.

Baadaye alirejea kwao akawa mwalimu wa riadha. Alifariki dunia Juni 1997 akiwa na miaka 47, mkewe akiwa amemtangulia. Aliacha watoto 11, na serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa. Uganda ilingoja miaka 40 tangu Munich kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, pale Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012.

Vijana, mlalamikapo kuwa uwanja ni mbovu au vifaa ni haba, ikumbukeni ile njia ya kwanza ya Munich. Nasi tuliotangulia tuna letu la kukumbuka. Akii-Bua alishangiliwa na wengi siku ya ushindi, lakini siku ya dhiki waliomfuata kambini walikuwa watu wa mbali. Mwanamichezo aliyetuletea sifa ana haki ya kutunzwa na watu wake hata baada ya makofi kunyamaza.